Kufunga na Kuchomelea: Vitenzi vya Ufundi katika Uwekaji wa Krosimemba ya Gia Boksi

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uundaji wa nomino. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, swali lililotawala ni kitu fulani kiitweje. Swali la jinsi tendo linavyotajwa limebaki pembeni. Si ajabu basi kwamba mjadala wa lugha ya ufundi wa magari huishia kwenye orodha ya vipuri: injini, klachi, gia boksi, propela, difu. Orodha hiyo ikitazamwa peke yake humpa msomaji picha ya lugha iliyokopa kila kitu. Makala haya yanadai kwamba picha hiyo ni potofu. Maarifa ya fundi hayakai katika majina ya vyuma bali katika vitenzi, na vitenzi hivyo, karibu vyote, ni vya asili ya Kibantu. Dai hilo linapimwa hapa kwa kazi moja: kufunga krosimemba ya gia boksi katika gari lililopewa injini ya gari jingine.

Kazi ya aina hii haihitaji kutafutwa mbali. Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, imo katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ukanda ulio pia na mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Katika sehemu kama hiyo pikapu yenye chasisi nzima haitupwi kwa sababu injini yake imekufa. Hutafutwa injini nyingine, pengine ya kampuni tofauti kabisa, pamoja na gia boksi yake, na chuma cha kuzishika hubuniwa papo hapo gereji. Kijana anayejifunza kazi hiyo mara nyingi hana kitabu. Ana masikio tu. Asipoambiwa kwa usahihi, propela itakatika siku gari litakapokuwa limesheheni mawe ya dhahabu, na watu wamekaa juu ya mawe hayo.

2.0 Kipande chenyewe

Injini na gia boksi zikishaunganishwa huwa mzigo mmoja mrefu. Katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mzigo huo hushikwa mahali patatu: kushoto na kulia kwa injini, na chini ya mkia wa gia boksi. Krosimemba ni boriti inayokatiza chasisi kutoka upande mmoja hadi wa pili na kuubeba mkia huo juu ya kipande cha mpira. Kwa kuubeba, ndiyo pia inayoamua mkia ukae juu au chini kiasi gani, na hapo ndipo ilipo hatari.

Mfano ulio wazi unatoka kwenye gari la mbio. Datsun 240Z, iliyoshinda Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ilikuwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Injini ya lita 2.8 ya ukoo uleule huingia mahali pake bila taabu kubwa. Lakini wapenzi wa gari hilo, hasa Marekani, wamekuwa wakilifungia pia injini ya Chevrolet ya silinda 8. Hiyo ni fupi na pana zaidi, na gia boksi inayokuja nayo ina mpira wake mahali pengine. Krosimemba ya kiwandani haikutani nao tena, na fundi hulazimika kutengeneza nyingine. Gari la kifahari la Safari na pikapu ya Segese, kwa hilo, zina tatizo moja. Tofauti ni kwamba difu ya 240Z imeshikwa kwenye bodi, kwa hiyo haipandi wala kushuka pamoja na magurudumu, ilhali ya pikapu yenye springi za majani huenda pamoja na ekseli. Ndiyo maana pikapu hupimwa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, si ikiwa inaning'inia kwenye jeki.

3.0 Jina

Mengi yangeweza kusemwa juu ya jina, lakini faida yake ni ndogo. Neno krosimemba limekopwa moja kwa moja na lina kasoro moja tu ya kweli: likifupishwa kuwa krosi hugongana na krosi ya propela, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba. Mwenye kupenda maneno ya nyumbani angeweza kupendekeza mtambaapanya, mti unaokatiza nyumba chini ya paa. Taswira yake ni nzuri. Hata hivyo, fundi wa leo aliyekulia chini ya bati huenda hajawahi kuusikia mti huo ukitajwa, na Tumbo-Masabo na Mwansoko, katika mwongozo wao wa mwaka 1992, waliandika kwa ajili ya waundaji wa istilahi zitakazotumika, si zitakazohifadhiwa. Krosimemba na ibaki. Jina la kukopa halijamvunjia mtu propela.

4.0 Vitenzi

Gereji zetu zina jozi ya msingi: kufunga na kufungua. Kufunga injini ni kuiweka mahali pake. Kufungua ni kuitoa au kuitenganisha. Jozi hii ni ya kauli ya kutendua, ile iliyomo katika ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua. Kisarufi, kitenzi chenye mwenzake wa kutendua kinataja tendo linaloweza kurudishwa nyuma. Sasa itazamwe kuchomelea. Kitenzi hiki hakina mwenzake wa namna hiyo. Hakuna asemaye *kuchomelua. Anayetaka kutenganisha kilichochomelewa hana budi kubadili kitenzi kabisa na kusema kukata.

Uamuzi mkubwa katika kuweka krosimemba ni huohuo. Je, ifungwe kwenye chasisi kwa bolti, au ichomelewe? Fundi mwenye haraka huchomelea, na gari huondoka. Baada ya miezi klachi inaisha, inabidi kushusha gia boksi, na krosimemba iliyo chini yake haifunguki. Chasisi inakatwa. Fundi mzuri huchomelea masikio tu kwenye chasisi, kisha huifunga krosimemba kwenye masikio hayo kwa bolti, na matundu ya bolti huyafanya marefu kidogo ili apate nafasi ya kurekebisha. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti ya kufunga na kuchomelea kama tofauti ya kinachotenduka na kisichotenduka amekwisha kupewa kanuni nzima, na amepewa kwa sarufi aliyozaliwa nayo. (Kunja na kunjua ina tahadhari yake: chuma kilichokunjwa kikikunjuliwa hupungua nguvu. Sarufi haimwambii fundi kila kitu.)

Jozi ya pili ina uzito zaidi, nayo ni inama na inuka. Zote mbili zinatoka katika mzizi mmoja, -in-, ya kwanza kwa kauli ya kutendama na ya pili kwa kiambishi cha kutendua. Propela ina krosi mbili, mbele na nyuma. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haitoi mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili huufuta mtikisiko huo iwapo tu imepinda kwa kiasi kilekile cha ile ya kwanza. Kwa hiyo mkia wa gia boksi ukiinama kwa nyuzi 3, pua ya difu haina budi kuinuka kwa nyuzi 3. Mistari miwili huwa sambamba, na propela hukatiza katikati yake. Mpindo wa kila krosi hutakiwa uwe mdogo, kwa kawaida usizidi nyuzi 3 hivi, lakini usiwe sifuri, kwani roli ndogo zilizomo ndani ya krosi isiyopinda kabisa hukaa mahali pamoja na kupachimba. Ulinganifu wa kuinama na kuinuka ndio sharti lenyewe, nalo limo katika mzizi wa kitenzi.

Mfuatano wa kazi wafaa kuandikwa kwa vitenzi vivyo hivyo. Injini hufungwa kwanza mbele. Mkia huinuliwa kwa jeki, pimamaji na kipimapembe huwekwa kwenye uso wa gia boksi unaopokea propela, kisha kwenye uso wa difu, na jeki hupandishwa au kushushwa hadi vipimo vilingane. Hutazamwa kama propela ina nafasi ya kuteleza ndani na nje, na kama bomba la moshi linapita bila kugusa. Ndipo krosimemba hukatwa kwa kufuata kielelezo cha boksi la karatasi, huwekwa mahali pake na kushikizwa kwa nukta chache za moto. Hupimwa tena. Kisha hushushwa na kuchomelewa kikamilifu nje ya gari, kwa sababu moto mwingi huvuta chuma na kuunguza mpira.

Ingizo la krosimemba katika kamusi ya ufundi, basi, lisiishie kwenye fasili ya boriti. Lionyeshe kwamba hufungwa na kufunguliwa, kwamba masikio yake huchomelewa, na kwamba mkia juu yake huinamishwa kwa kulinganishwa na pua inayoinuka. Tendo moja tu katika mfuatano huo linahitaji istilahi iliyo fupi zaidi, nalo ni kushikiza kwa nukta za moto kabla ya kuchomelea. Washonaji wana kupiga bandi, mshono wa muda unaofumuliwa baada ya nguo kukaa sawa mwilini. Waundaji wa istilahi wangefaa kuupima usemi huo gerejini kabla ya kutafuta mwingine.