Mkunjo wa Ndewe na Maradhi ya Moyo

Sikio la nje limejengwa kwa gegedu iliyofunikwa na ngozi. Sehemu yake ya chini, iitwayo ndewe, haina gegedu. Ina ngozi, mafuta na mishipa midogo ya damu. Mwaka 1973 daktari wa Marekani, Sanders T. Frank, alieleza kuwa baadhi ya wagonjwa wa moyo walikuwa na mkunjo unaokata ndewe mshazari, kutoka upande wa tundu la sikio hadi ukingo wa nyuma. Mkunjo kama huo huonekana pia katika sanamu za Kaisari Hadrian wa Roma, aliyefariki mwaka 138 B.K.

Je, ndewe yaweza kutangaza hali ya moyo? Yapo maelezo mawili. Kwanza, nyuzi za elastini, ziwezeshazo ngozi na kuta za ateri kunyumbuka, huchakaa. Huenda uchakavu huo ukatokea mahali pote pawili. Pili, mkunjo na maradhi ya ateri za moyo huongezeka kwa umri, bila kimoja kusababisha kingine.

Chukulia mfano wa kubuni wa vijana 100 na wazee 100. Vijana wenye mkunjo ni 10, na mgonjwa kati yao ni 1; wasio na mkunjo ni 90, na wagonjwa ni 9. Wazee wenye mkunjo ni 60, wagonjwa 30. Wasio nao ni 40, wagonjwa 20. Katika kila rika, mkunjo haubadili kiwango cha ugonjwa. Lakini makundi yakichanganywa, wagonjwa ni 31 kati ya 70 wenye mkunjo, yaani asilimia 44, na 29 kati ya 130 wasio nao, yaani asilimia 22. Umri umejificha nyuma ya mkunjo.

Baadhi ya uchunguzi uliofuata ulikuta uhusiano hata baada ya umri kuzingatiwa, mwingine haukuukuta. Kwa hiyo mwenye mkunjo asihukumiwe kuwa mgonjwa, wala asiye nao asijione salama. Shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa tumbaku ni viashiria vyenye uthibitisho mkubwa zaidi, navyo vyaweza kupimwa au kuepukwa.

Maswali
1. Kwa nini rika zilitenganishwa katika mfano?
2. Taja tofauti kati ya dalili na kisababishi.