Mzazi mwenye kansa ya damu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba: kansa ya damu haiambukizi. Mzee ale bukari pamoja na wajukuu, wote wakinawa kwa sabuni. Lakini mwenye kikohozi akae mbali, maana damu ya mgonjwa haiwezi tena kupigana vema na vijidudu. Joto likifika digri 38, ama akitetemeka, mpelekeni hospitali usiku ule ule. Msiseme ni malaria tu! Aspirini msimpe bila neno la munganga: inazidisha kutoka damu.

Wengi huuliza, “Amebakiza miezi mingapi?” Munganga hawezi kuihesabu. Ulizeni afadhali maumivu yatatulizwa namna gani. Na mzee mwenyewe, mwulizeni anataka nini, angali na nguvu ya kusema.