Somo la reli: namba ubavuni mwa injini inasema nini

Wakazi wa Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro na Molo wameizoea honi ya treni kiasi kwamba wengi hawageuzi tena shingo inapopita. Mtoto mdogo ndiye bado hukimbilia uani kuhesabu mabehewa. Lakini kuna watu wazima, humu nchini na ng'ambo, ambao husimama kando ya reli wakiwa na kalamu na daftari, wakisubiri jambo moja tu: kuiona injini na kuandika namba yake. Mtu asiyejua huwaona kama watu waliokosa kazi. Somo la toleo hili linaeleza wanachokisoma, na kwa nini kaunti inayopitiwa na reli mbili ina sababu ya kujifunza kutoka kwao.

Mchezo huu ulipata umaarufu nchini Uingereza. Mwaka 1942, karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern jijini London, Ian Allan, alichoshwa na kujibu barua za watu waliouliza habari za injini. Akachapisha kijitabu chenye orodha ya injini zote za kampuni hiyo pamoja na namba zake. Wanunuzi walifanya jambo ambalo labda hakulitarajia. Walichukua kalamu na kupiga mstari chini ya kila namba waliyoiona kwa macho yao wenyewe. Baada ya miaka michache vijana wengi walijaa kwenye stesheni za Uingereza wakisaka namba zilizobaki.

Hapa kwetu, namba zilipangwa kwa utaratibu rahisi kuuelewa. Tarakimu mbili za kwanza hutaja kundi la injini, yaani aina yake. Mbili za mwisho hutaja nafasi ya injini hiyo katika kundi. Tuseme umeona 9312 ubavuni mwa injini ya dizeli kwenye reli ya zamani. Hiyo ni ya kundi la 93, injini zilizotengenezwa na kampuni ya General Electric ya Marekani, na ni ya kumi na mbili katika kundi hilo. Sasa chungulia chini. Utaona magurudumu sita kila upande, yamegawanywa matatu mbele na matatu nyuma. Hadi hapo umeshasoma injini, na hukuhitaji kumwuliza mtu.

Utaratibu huo ulirithiwa kutoka enzi za mvuke, na huko ndiko kwenye utamu wenyewe. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours. Katika miaka ya 1950 shirika hilo liliagiza injini mpya kwa wingi, nazo hazikupewa namba tu bali na majina pia. Injini za makundi ya 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Injini namba 2921, iliyoundwa Glasgow, iliitwa Masai of Kenya, kwa kuwa Wamaasai wako pande zote mbili za mpaka na ilibidi ijulikane ni wa upande gani. Namba 3020 iliitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida nchini Tanzania.

Kundi la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Namba 6006, kwa mfano, ilibeba jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika katika miaka ya 1930. Uhuru ulipopatikana, vibao vya magavana viling'olewa na injini zikaendelea na kazi zikiwa na namba tu. Majina ya makabila na ya milima hayakuguswa. Anayetaka kueleza siasa za miaka hiyo darasani anaweza kuanzia hapo, kwenye vibao hivyo vya chuma.

Milima ilikuwa ya kundi la 59, na hakuna kundi linalotajwa zaidi ya hilo popote wapenzi wa reli wanapokutana. Injini zilikuwa 34, kuanzia 5901 hadi 5934, zote zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock jijini Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa kama mita 32. Hakuna injini ya mvuke iliyotumika kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani, iliyozishinda kwa nguvu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, zikivuta tani 1,200 kwa safari moja.

Injini nzito namna hiyo ilitembeaje kwenye reli nyembamba yenye kona nyingi? Jibu lilikuwa umbo lake, linaloitwa Garratt. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake. Garratt ni kama injini mbili zilizopeana migongo, moja mbele na nyingine nyuma, na boila limening'inizwa katikati kama mzigo uliobebwa na watu wawili kwa mti. Kila upande hugeuka peke yake unapofika konani. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila lingeweza kunenepeshwa na kutoa mvuke mwingi. Na uzito uligawanywa juu ya ekseli nyingi, reli isivunjike.

Wapenzi wa reli huandika umbo la injini kwa kuhesabu magurudumu kuanzia mbele. Kundi la 59 huandikwa 4-8-2+2-8-4. Maana yake, magurudumu manne madogo ya kuongoza, manane makubwa yanayosukumwa na mvuke, mawili madogo, kisha upande wa pili hivyo hivyo kwa kinyume. Jumla ni 28. Injini ya 2921 ni 2-8-2 tu. Ukiiona picha ya zamani nyumbani kwa babu aliyefanya kazi ya reli, hesabu magurudumu ya upande mmoja na uzidishe kwa mbili. Mara nyingi hilo linatosha kukuambia ni kundi gani, hata kama namba imefutika.

Hapa wakazi wa Nakuru wana jambo lao. Injini ya mwisho katika kundi hilo, namba 5934, iliitwa Menengai Crater. Jina la kreta inayoonekana kutoka mjini Nakuru lilisafiri likiwa limechongwa kwenye kibao cha injini. Leo injini hiyo haipo. Dizeli ziliposhika usukani, injini za kundi la 59 ziliondolewa kazini moja baada ya nyingine hadi mwaka 1980, na 32 kati ya 34 zikakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Zilizobaki ni mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote zenye majina ya milima iliyo Tanzania. Ziko katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, pamoja na 2921, 3020 na 6006 zilizotajwa hapo juu. Mengi yanayojulikana kuhusu zile 32, kama rangi, vibao na mahali zilipoonekana zikifanya kazi, yamehifadhiwa na picha na madaftari ya watu waliosimama kando ya reli. Tanuri la chuma chakavu haliweki kumbukumbu.

Injini ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni njia yenyewe, na kaunti chache zina njia ya kusomeka kama Nakuru. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900. Wajenzi waliposhuka Bonde la Ufa karibu na Kijabe, ukuta wa bonde ulikuwa mkali mno, na kwa muda walilazimika kuteremsha mabehewa kwa nyaya huku njia ya kudumu ikichongwa. Baada ya Nakuru reli ilipanda tena kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kisha ikateremka hadi Kisumu, ambako ilifika tarehe 20 Desemba 1901. Njia ya pili ilijengwa baadaye kutoka Nakuru kupitia Rongai na Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Ndiyo sababu reli hugawanyika nje kidogo ya mji wa Nakuru. Matawi madogo yalichepuka pia, moja kutoka Gilgil kwenda Nyahururu na jingine kutoka Rongai kwenda Solai, na bado kuna wazee Solai wanaokumbuka mahindi yakipakiwa.

Reli ya kisasa iliongezwa mwaka 2019, SGR ilipofika Suswa. Reli hizi mbili hazilingani. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na ya kisasa ina 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Kwa hiyo katika bandari kavu ya Naivasha, karibu na Mai Mahiu, kontena huinuliwa kutoka behewa la SGR na kuwekwa juu ya behewa la reli ya zamani, kisha husafiri kwenye kipande cha reli cha kama kilomita 23 hadi stesheni ya Longonot na kuendelea kuelekea Malaba. Mwalimu anayetafuta mahali pa kuwaonyesha wanafunzi historia na biashara ya leo kwa pamoja hahitaji kwenda mbali.

Ukitazama kando ya reli utaona nguzo fupi zenye namba. Hizo huhesabu umbali kutoka Mombasa. Zamani hesabu ilikuwa ya maili, na mahali palipojengwa Nairobi palijulikana kama maili 327. Nguzo hizo ndizo anwani ya reli. Fundi akiambiwa "kalavati limeziba karibu na shamba la mama fulani", atazunguka kutwa nzima. Akipewa namba ya nguzo, anakwenda moja kwa moja.

Na kalavati si jambo dogo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mvua ilipokuwa imenyesha kwa siku nyingi, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli eneo la Old Kijabe. Njia ya maji iliyopita chini ya tuta ilikuwa imezibwa na mawe, udongo na miti. Tuta lilishindwa kuyazuia, na maji yakateremka hadi vijiji vya Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Zaidi ya wakazi 40 walipoteza maisha. Familia nyingi za Naivasha bado ziko katika maombolezo hayo, na haifai kuizungumzia reli ya zamani katika kaunti hii kana kwamba ni picha za kupendeza tu. Tuta la reli ni ukuta. Lilijengwa kwa hesabu kwamba maji yatapata pa kupitia chini yake, na pakizibwa, ukuta huo unageuka bwawa ambalo hakuna aliyelipanga.

Mtu mwenye mazoea ya kuangalia reli huona mambo hayo mapema: kalavati lililojaa matawi, udongo ulioanza kumomonyoka chini ya mataruma, maji yaliyosimama upande mmoja wa tuta ilhali upande wa pili ni mkavu. Huona pia boliti zilizong'olewa. Wizi wa vyuma vya reli haujaisha, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Anayenunua kipande cha reli gizani hawezi kudai hakujua kilikotoka, kwani chuma chenye umbo hilo hakitumiki kwingine kokote.

Kwa anayetaka kuanza, daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya injini, treni inaelekea wapi, na idadi ya mabehewa. Anayesimama karibu na Mai Mahiu ataona kwamba injini za SGR hazifuati mtindo wa zamani wa kuhesabu. Aina zake huandikwa kwa herufi za Kichina cha Kilatini, DF8B kwa mizigo na DF11 kwa abiria. Andika pia hali ya njia mahali hapo, pamoja na namba ya nguzo iliyo karibu. Wanafunzi wakigawana zamu, darasa moja linaweza kujua baada ya muhula mmoja ni injini zipi hupita kwao na siku gani.

Simama nje ya eneo la reli au kwenye jukwaa la stesheni. Kutembea juu ya reli ni kosa, na treni ya mizigo iliyo kwenye mteremko wa Mau haiwezi kusimama ghafla hata dereva akikuona. Reli iliyoota nyasi isikudanganye, inaweza kupitiwa siku yoyote. Ukitaka kupiga picha ndani ya stesheni, mwombe ruhusa msimamizi wake kwanza. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na wengine wana hadithi zaidi ya zilizoandikwa hapa.

Ukikuta kalavati limeziba au reli imeng'olewa, usijaribu kurekebisha mwenyewe. Andika namba ya nguzo, kisha piga ripoti siku hiyo hiyo katika stesheni ya reli iliyo karibu, kwa chifu au kituo cha polisi. Msimu wa mvua usisubiri kesho.