Nenda Ukaangalie Kitabu cha Ardhi

Raia wengi wa Uvira, wa bonde la Ruzizi na wa pwani ya ziwa Tanganyika kuelekea Fizi wanatunza karatasi za ardhi kwa uangalifu mkubwa. Kuna karatasi ya kuuziana yenye majina ya mashahidi, karatasi ya shefu wa lokalite, fishi ya parseli iliyotolewa na kartie, na pengine kontra ya zamani iliyoachwa na baba. Zote zimefungwa ndani ya plastiki na kuwekwa sandukuni. Uangalifu huo ni wa haki, na mtu asizitupe karatasi hizo hata moja. Lakini ardhi hailindwi na sanduku. Inalindwa na kitabu kinachowekwa na konservatere wa hati za ardhi, na asiyekwenda kujua kilichoandikwa humo anaweza kunyang'anywa shamba bila kuona mtu yeyote akilikanyaga.

Msingi wa jambo hili uko katika sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hapewi udongo wenyewe, anapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila kikomo cha muda, na mgeni kwa muda maalumu tu. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha uandikishaji, kile ambacho watu wanakiita sertifika. Cheti hicho hutengenezwa mara mbili: kimoja kinabaki katika kitabu cha ofisi, cha pili anapewa mwenyewe. Mfumo huu una asili ya mbali, Australia ya Kusini, ambako Robert Torrens aliuanzisha mwaka 1858. Shabaha yake ilikuwa kwamba mnunuzi asilazimike kuchimbua historia ya vizazi vitatu vya wauzaji, bali afungue ukurasa mmoja na kuona jina la mwenye haki, ukubwa wa kiwanja, na deni lolote lililowekwa juu yake.

Hapo ndipo kifungu cha 227 kinapobeba uzito ambao raia wengi hawajaupima. Kifungu hicho kinasema sertifika ni ushahidi kamili, na haki iliyoandikwa humo haishambuliwi tena. Anayelalamika anaweza kudai fidia ya pesa tu, shamba lenyewe halirudi. Mlango mmoja umeachwa wazi. Katika miaka miwili tangu sertifika ya kwanza ya kiwanja itengenezwe, mtu aliyekuwa na haki juu ya ardhi hiyo anaweza kudai itambuliwe. Miaka miwili ikipita, mlango unafungwa. Muda huo unahesabiwa tangu tarehe ya cheti, na tarehe hiyo imeandikwa ofisini. Haianzi siku jirani alipoweka mawe ya mpaka, wala siku tingatinga lilipofika. Familia inayolima Luvungi au Makobola inaweza kuvuna misimu minne kwa amani kabisa huku muda wake ukiisha katika kitabu ambacho haijawahi kukiona.

Wako watakaojibu kwamba desturi inatosha. Mwami anajulikana, mipaka ya mababu inajulikana, na katika sheferi za Bavira, Bafuliru na Bonde la Ruzizi watu wameishi hivyo kabla ya sheria yoyote ya Kinshasa. Jibu hili lina nguvu, na Katiba ya 2006 inaliunga mkono: kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Sheria ya 1973 nayo haikuifuta desturi. Vifungu vya 387 hadi 389 vinazitaja ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini, vinaziweka chini ya Serikali, kisha vinaahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za watu hao. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mkulima wa desturi ana haki inayotambuliwa kwa jina, lakini haina ukurasa wake katika kitabu. Na inapokutana mahakamani na sertifika iliyokomaa, inaanza ikiwa nyuma. Mwenye kutegemea desturi ndiye anayehitaji kukiangalia kitabu kuliko wengine wote, kwa sababu ardhi yake ndiyo inayoweza kuombwa na mtu mwingine kana kwamba haina mwenyewe.

Sheria ilijaribu kuzuia hila hiyo. Kabla ardhi ya kijijini haijatolewa, sheria inadai uchunguzi ufanywe: mipaka ihakikiwe, watu na mali waliomo waandikwe, na wenye madai wasikilizwe. Uchunguzi huo ukifanyika mezani badala ya shambani, kosa ni la aliyeutia sahihi, lakini hasara inabaki kwa mkulima. Tahadhari hii inawahusu hasa wanaolima kandokando ya konsesio kubwa za zamani katika bonde, kama zile za kiwanda cha sukari cha Kiliba kilichosimama wakati wa vita vya 1996. Shamba lililoachwa miaka mingi linaonekana kama pori huru, ilhali kwenye kitabu huenda bado lina jina. Kulilima hakulibadilishi jina hilo.

Sasa, kukiangalia kitabu kunafanywaje? Kwa mji wa Uvira na bonde, mahali ni ofisi ya ardhi ya Uvira. Watu wa upande wa Fizi waulize kwanza ni ofisi gani inayoshika eneo lao, kwa sababu barua iliyopelekwa pasipohusika haina faida. Konservatere anaweka vitabu. Kadasta iliyo pembeni yake inaweka ramani na namba za viwanja. Anza na kadasta. Ukiwa na namba ya parseli, kazi ni fupi. Usipokuwa nayo, eleza mahali kwa alama zisizohama, yaani barabara, mto, kanisa, shule, pamoja na majina ya majirani wa pande nne, na ukiweza umlipe jeometra apime. Kisha mwandikie konservatere barua ukiuliza kama kiwanja hicho kimeandikishwa, kwa jina la nani, tangu tarehe gani, na kama kuna rehani juu yake. Barua iwe na nakala, na nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Swali la mdomo kwenye korido halina tarehe. Barua yenye muhuri inayo. Mnunuzi afanye haya kabla ya kutoa hata dola moja. Mashahidi wa mtaani wanaweza kusema kweli kabisa kwamba muuzaji anakaa pale, na bado jina lililo kitabuni likawa la mtu mwingine.

Anayetaka kuandikisha ajue pia kwamba kontra ya kupangisha inayotolewa mwanzoni, kwa muda usiozidi miaka mitatu, si sertifika. Ni muda wa majaribio: mtu ajenge au alime, kazi hiyo ikaguliwe na kuandikwa, ndipo haki ya kudumu iombwe. Wengi huishia hapo, kontra inakufa kimyakimya, na wao wanaendelea kujiona wana hati.

Malalamiko makubwa kuhusu njia hii ni gharama na rushwa. Hatutayapunguza. Kodi na malipo ya kiserikali yanamlemea mkulima wa mihogo, na malipo yasiyo na risiti yanamlemea zaidi. Lakini kuuliza na kuandikisha ni mambo mawili tofauti. Kuuliza ni nafuu mno kuliko kuandikisha, na ndiko kunakookoa ile miaka miwili. Asiye na uwezo wa sertifika leo bado anaweza kuuliza, na majirani wa mtaa au kijiji kimoja wanaweza kuuliza kwa barua moja na kugawana nauli. Kwa kila malipo idai noti ya malipo na risiti. Pesa ipite benki au kwenye akaunti ya Serikali, isipite mkononi. Afisa anayekataa kuandika sababu ya malipo ameshakuambia pesa inakwenda wapi.

Wengine wanauliza karatasi zina kazi gani mahali ambapo vita na maji havikomi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu zaidi ya 40 Uvira, ukabomoa maelfu ya nyumba na kusogeza mipaka ya viwanja. Ziwa nalo limepanda na kumeza nyumba za kandokando. Februari 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi wakiwa na walichoweza kubeba. Matukio hayo ndiyo yanayotoa sababu ya kuandikisha. Sertifika iliyopotea inaweza kuombewa nyingine kwa sababu ukurasa wake umebaki ofisini, lakini karatasi ya shefu iliyosombwa na maji haina pacha. Hata kitabu cha ofisi kinaweza kuungua, kwa hiyo piga picha ya kila karatasi na umwachie ndugu aliye mji mwingine. Wanaorudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, baada ya miaka mingi na kumkuta mtu shambani hawana njia nyepesi ya kuonyesha walichokiacha isipokuwa kimeandikwa mahali.

Wajane na mabinti wanahitaji kusikia hili kwa sauti kubwa zaidi. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawarithisha watoto wa kike sawa na wa kiume, na inampa mjane nafasi yake. Lakini kitabu hakijui msiba. Jina la marehemu linabaki humo mpaka warithi wathibitishwe na mahakama na uhamisho uandikwe, na katika muda huo shemeji mwenye haraka anaweza kuuza kwa karatasi ya mtaani.

Ni kweli pia kwamba ofisi iko mbali mno na shamba. Ng'ambo ya ziwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawezesha kijiji cha Tanzania kuwa na masijala yake na kutoa hatimiliki za kimila. Burundi, kwa sheria ya 2011, iliruhusu komuni itoe cheti cha ardhi. Rwanda iliandikisha zaidi ya parseli milioni 10 katika miaka michache. Kazi hizo zina kasoro zake, lakini zinaonyesha kwamba daftari la haki linaweza kusogezwa kijijini. Sera ya ardhi ambayo serikali yetu iliipitisha mwaka 2022 inazitambua haki za jamii. Sheferi zinaweza kuanza bila kungoja Kinshasa: daftari moja lenye kurasa zenye namba, mipaka, majina ya mume na mke, na sahihi za majirani. Halitakuwa sertifika, lakini litakuwa ushahidi mzito siku ya uchunguzi.

Na ukikuta jina la mtu mwingine kitabuni? Soma kwanza tarehe ya sertifika ya kwanza. Ikiwa miaka miwili haijaisha, mwandikie konservatere kupinga, lakini usiishie hapo. Peleka dai mahakamani, kwa Tribunal de Grande Instance ya Uvira, kabla muda haujakwisha, ukiambatanisha kila karatasi ya sandukuni. Wazee wanaoijua mipaka waende pamoja nawe, na maneno yao yaandikwe katika kumbukumbu za mahakama wakiwa wangali hai.