Dondoo muhimu: herufi kubwa kwenye Kiingereza

Mwanafunzi wa kata ya Chang'ombe, Dodoma, aanze na vitu anavyoviona kila siku. "City" ni nomino ya kawaida, ya herufi ndogo, kwani majiji ni mengi. "Dodoma" ni nomino ya pekee, ya herufi kubwa: ndilo jiji hili lililopandishwa hadhi mwaka 2018. Ndivyo ilivyo kwa "market" na "Majengo Market".

Ukisita kama nomino ni ya kawaida au ya pekee, tanguliza "a". "A ward" inakubali. "A Chang'ombe" inagoma.

Alama nyingi hupotea pale neno la kawaida linapoingia ndani ya jina kamili. Andika "She studies at a university" kwa u ndogo, kwa kuwa hujataja chuo kipi. Ukikitaja, inakuwa "She studies at the University of Dodoma", U kubwa, na "of" inabaki ndogo. Hata mama yuko hivyo: "my mother is here" ni m ndogo, ila "Thank you, Mother" ni kubwa, maana hapo neno limeshika nafasi ya jina lake.

Siku na miezi, herufi kubwa. Masomo ya lugha pia, kama "English"; "mathematics" na "history" ndogo.

Wazazi na walimu, msimzoeze mtoto kuandika "Teacher" au "Doctor" kwa herufi kubwa popote eti kwa heshima. Mpeni ukurasa wa gazeti la Daily News na penseli. Azungushie kila herufi kubwa isiyoanza sentensi, kisha aeleze ni jina la nani au la nini.