Taya Linapouma: Kijitabu cha Nyumbani

Wengi wenye maumivu ya kiungo cha taya huanza kwa kulilaumu sikio. Wanatiwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, wengine maji ya kitunguu saumu, wengine matone ya duka la dawa bila mtu yeyote kuchungulia ndani. Sikio likija kupimwa linakutwa zima. Lawama zinahamia kwenye jino, gego linang'olewa, na wiki mbili baadaye maumivu yako palepale, ila sasa mgonjwa ana pengo. Kijitabu hiki ni cha nyumba inayotaka kuepuka safari hiyo. Maumivu mengi ya taya hutulia likipumzishwa. Kwa hiyo chochote kisichoweza kurudishwa, iwe kung'oa jino, kuchonga meno au kupasua kiungo, kisitangulie.

Kiungo chenyewe

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, pande zote mbili, kisha fungua kinywa polepole na ukifunge. Kinachocheza chini ya vidole ndicho kiungo cha taya. Kichwa cha mfupa wa taya la chini kimekaa kwenye kishimo cha fuvu, na katikati pana kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa. Ukifungua kinywa kidogo, kichwa hicho huzunguka. Ukifungua zaidi, huteleza mbele pamoja na kisahani chake. Mshipa wa fahamu unaokihudumia kiungo hiki huhudumia pia sehemu ya sikio, ndiyo maana mtu huapa kwamba sikio ndilo linalomuuma.

Kisahani kikihama kidogo kutoka mahali pake, taya hulia unapolifungua. Mlio usio na maumivu na usiokwamisha kinywa ni jambo la kawaida sana na hautibiwi. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu hutumia fedha kuutafutia dawa. Wala usiuchokoze kwa kufungua na kufunga ili usikie kama bado upo.

Mara nyingi kinachouma ni misuli ya kutafunia kuliko kiungo chenyewe. Maumivu hukaa shavuni, kwenye panja au chini ya sikio, na huongezeka wakati wa kula. Wengine huamka asubuhi taya limechoka kana kwamba halikulala. Kinywa cha mtu mzima kwa kawaida hupokea vidole vyake vitatu, vimepangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili kwa shida, taya limebana. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Linakotoka

Mara nyingi hakuna sababu moja. Kuna aliyeanguka na bodaboda akapiga kidevu, na kuna aliyekaa kinywa wazi muda mrefu akitolewa gego la mwisho. Mwenye baridi yabisi anaweza kuipata hapa kama anavyoipata vidoleni. Mtafunaji wa miraa, au mirungi kama inavyoitwa Tanzania ambako ni haramu, huweka tonge shavuni saa nyingi, mara nyingi upande uleule, na misuli ya upande huo haipati mapumziko. Fundi cherehani hukata uzi kwa meno. Vijana hufungulia soda kwa magego na kuona ni ushujaa.

Sababu iliyojificha zaidi ni kukaza meno bila kujua: ukiendesha gari kwenye foleni, ukihesabu fedha zisizotosha, ukimuuguza mtu. Kusema kwamba mawazo yanachangia hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Msuli uliokazwa kutwa nzima huuma kweli, uwe umekazwa na mzigo au na hofu.

Watoto husaga meno usingizini, na nyumba nyingi husema ni minyoo. Mpe mtoto dawa ya minyoo kwa ratiba ya kliniki au shule, lakini usitarajie imalize kusaga meno. Wengi huacha wenyewe wanapokua.

Pale ambapo hupaswi kungoja

Kabla ya kujitibu nyumbani, hakikisha si kitu kingine. Taya linalokaza na kukataa kufunguka siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari, kuungua au kupata jeraha lolote linaweza kuwa pepopunda. Hali kadhalika mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akashindwa. Hapo ni hospitali, saa ileile.

Uvimbe shavuni au chini ya kidevu pamoja na homa ni ishara ya usaha, mara nyingi kutoka kwenye jino. Mgonjwa akishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, usisubiri kupambazuke. Mtoto mwenye homa na uvimbe mbele ya sikio huenda ana matubwitubwi, naye aonwe.

Maumivu ya taya yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba ndoo na kupungua ukipumzika yanaweza kuwa ya moyo. Yakija pamoja na jasho jembamba, kichefuchefu au kifua kubana, nenda sasa hivi. Na mtu aliyepita miaka 50 ambaye taya linachoka kila akitafuna, ana maumivu mapya ya kichwa panjani na macho yanafifia, apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaoweza kumpofusha. Ni nadra, lakini macho yakishapotea ni vigumu kuyarudisha.

Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, hasa metoklopramidi, huweza kulikaza taya na kulipindisha ghafla, zaidi kwa vijana. Rudi ulikopewa, ukiwa na pakiti mkononi. Kuna dawa ya kuituliza hali hiyo.

Wanaokula tambuu yenye popoo wana hatari yao ya peke yake. Ngozi ya ndani ya mashavu hukakamaa polepole, pilipili huanza kuwasha kuliko zamani, na kinywa huzidi kuwa chembamba mwaka hadi mwaka. Hali hiyo inaweza kugeuka saratani, na kuacha popoo ni hatua ya kwanza ya tiba. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kipimwe pia, cha yeyote yule.

Halafu kuna taya linaloteguka: mtu anapiga mwayo, kinywa kinabaki wazi na hakifungi. Inatisha kuitazama, lakini hurudishwa vizuri na mtaalamu. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, ya miaka ya 1600 hivi kabla ya Kristo, yalikwisha kueleza namna ya kulirudisha kwa vidole gumba ndani ya kinywa, na hata leo njia haijabadilika sana. Usiijaribu sebuleni. Mshikilie mgonjwa kidevu kwa kitambaa, mpeleke.

Kulipumzisha

Aliyeteguka kifundo cha mguu huchechemea siku kadhaa bila kuambiwa na mtu. Mwenye taya linalouma huendelea kuguguna mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa wiki mbili hivi, ondoa mahindi ya kuchoma, miwa, karanga, kashata, nyama ngumu na jojo. Jojo hasa, kwa sababu haimezwi na taya halijui lini kazi imekwisha. Chakula laini si chakula cha mgonjwa aliyekata tamaa: mtori, viazi vitamu, maharage yaliyoiva, samaki, mayai, mchicha, parachichi, chapati iliyolowekwa kwenye mchuzi. Kata vipande vidogo na utafune pande zote mbili. Usiende miezi kwa uji peke yake. Maumivu yakipungua rudisha chakula cha kawaida kidogo kidogo.

Jambo la pili halina gharama na ndilo linalosaidia wengi: midomo imefumba, meno hayagusani. Jaribu sasa. Ncha ya ulimi ilale juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, na taya lining'inie lenyewe. Meno huhitaji kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Ukiyakuta yamebanana, usijikaripie, yaachanishe. Kwa kuwa utasahau, bandika kikaratasi kwenye cherehani, kwenye dashibodi ya bajaji, karibu na jiko, popote macho yako yanapopita mara kwa mara.

Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa shavuni dakika 15 hadi 20 mara mbili au tatu kwa siku, hulegeza misuli. Kipime kwanza kwa mkono ili kisiunguze. Kama taya limegongwa leo, anza na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 kwa mara moja. Baada ya joto, sugua mashavu na panja kwa mizunguko ya polepole. Kisha, ncha ya ulimi ikiwa imegusa kaakaa, fungua kinywa kadiri ulimi unavyoruhusu na ukifunge, mara sita. Likiuma zaidi, punguza. Zoezi linaloumiza halilikomazi taya.

Miayo iwekee ngumi chini ya kidevu. Usibane simu kati ya sikio na bega, wala usilalie tumbo huku shavu limegandamizwa kwenye mto. Waimbaji wa kwaya na walimu wapumzishe sauti zao siku chache ikiwezekana. Tunajua si kila mwajiri ataelewa.

Dawa

Parasetamoli huwafaa wengi. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni hunywewa baada ya kula, kwa siku chache, na haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wagonjwa wa figo, wajawazito, wala wakati homa ya dengi inashukiwa. Usiichanganye na diklofenaki. Ni za ukoo mmoja, na kuzidisha kunaumiza tumbo na figo. Amoksisilini na ndugu zake haziwezi kitu hapa kama hakuna usaha. Muuza duka akikupa, mrudishie.

Kwa daktari

Nenda ikiwa wiki kadhaa za mapumziko hazijaleta nafuu, au mapema zaidi kama kinywa kimekwama. Anza na daktari wa kinywa na meno. Mweleze limeanza lini, linauma saa ngapi, na kama mwenzako wa chumbani husikia ukisaga meno usiku. Mara nyingi mikono yake na maelezo yako vitatosha bila picha za gharama.

Ushauri utakaopewa una historia. Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio wa Marekani, James Costen, aliyahusisha maumivu haya na meno yaliyopotea na namna meno yanavyokutana. Maelezo yake hayakusimama, lakini yaliwaachia waganga wa meno mazoea marefu ya kuchonga na kupanga upya meno ya watu. Mwaka 2023 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu ya taya yaliyozidi miezi 3. Mwongozo huo uliyaweka mbele mazoezi chini ya mtaalamu, kukandwa kwa misuli na ushauri wa kukabiliana na maumivu na mawazo, na ukapinga kuondoa kisahani cha kiungo pamoja na vifaa vinavyobadilisha mkao wa meno kwa kudumu. Upasuaji una wagonjwa wake, lakini ni wachache.

Kwa hiyo kila unapopendekezewa jambo, uliza: "Daktari, hili likishafanyika linaweza kurudishwa?" Likiwa haliwezi, una haki ya kutafuta maoni ya pili kabla ya kusaini. Bamba la kuvaa usiku kwa mtu anayesaga meno huondolewa asubuhi, kwa hiyo haliko katika kundi hilo, mradi limetengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako. Lioshe kwa maji baridi na mswaki laini. Ukiona asubuhi meno hayakutani kama zamani, acha kulivaa na urudi kwa aliyekutengenezea.