Tangazo la Kikundi Chako Lisipite Bila Kuonekana

Mtumiaji wa huduma za mawasiliano aliyeko Mkolani anapofungua simu yake alfajiri hukutana na mengi kwa mpigo: mpira, vichekesho, matangazo ya biashara na habari za mjini. Katikati ya hayo, tangazo la kikundi chake cha wauza dagaa kuhusu bei ya gunia katika mwalo wa Kirumba hupita bila kuonekana. Hasara yake ni ya kweli. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, mavuno hupungua na bei hubadilika. Aliyekosa tangazo la leo hununua kesho kwa bei nyingine.

Kwa nini tangazo hupotea?

Mitandao mingi ya kijamii haipangi machapisho kwa kufuata saa yalipotumwa. Instagram ilianza kuuacha utaratibu huo mwaka 2016. Januari 2018, Facebook ilitangaza kuwa machapisho ya ndugu na marafiki yatatangulizwa mbele ya yale ya kurasa za biashara. Mitambo hukadiria ni chapisho gani litakalokufanya usimame, ujibu au uwashirikishe wengine. Kwa hiyo kikundi cha watu arobaini wanaosoma kimyakimya huelekea kusukumwa nyuma, ingawa wanakihitaji sana.

Mwanachama afanye nini?

1. Katika Facebook, uweke ukurasa wa kikundi kwenye orodha ya vipendwa, inayopokea marafiki na kurasa hadi 30. Katika Instagram, chagua kuona machapisho ya unaowafuata kwa mpangilio wa muda.
2. Jibu tangazo, hata kwa neno moja. Jibu lako huwasaidia wenzako kuliona.
3. Katika WhatsApp, bandika kundi hilo juu ya mazungumzo mengine, na uzime milio ya makundi usiyoyahitaji.

Viongozi wafanye nini?

1. Tangazeni kwa siku na saa inayojulikana. Maandishi mafupi yenye bei, mahali na tarehe hayali kifurushi kama video.
2. Msinunue wafuasi. Wafuasi wa kununuliwa hawajibu wala hawanunui dagaa.
3. Tunzeni daftari la namba za wanachama, ili jambo la haraka litumwe kwa ujumbe mfupi. Namba hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya mwaka 2022. Zisigawiwe bila ridhaa ya wenyewe.

Tahadhari

Ukurasa usioonekana mara kwa mara ni rahisi kuigwa, kwa kuwa wanachama hawaujui vizuri. Ukipokea ujumbe wa kutuma mchango kwenye namba mpya, mpigie kwanza kiongozi kwa namba unayoifahamu. Ukibaini ni utapeli, toa taarifa kwa kutuma ujumbe huo kwenda namba 15040.

Zoezi

Katika kikao kijacho, ulizaneni: ni wangapi walioliona tangazo la mwisho? Wale wasioliona wasaidiwe hapohapo, simu zikiwa mkononi, kufuata hatua tulizozieleza.